Matembezi ya Posta na Mama Mkwe

Mkazi wa Dar es Salaam haendi Posta kutembea, huenda kufuatilia. Anafuatilia mafao, anafuatilia kitambulisho, anafuatilia mtu aliyemwambia "njoo kesho" tangu Ramadhani iliyopita. Akimaliza, au akikata tamaa, anawahi daladala ya Gongo la Mboto kabla jioni haijamkuta kituoni. Ndiyo maana utamkuta mtu amekaa mji huu miaka thelathini, anajua kila dirisha la kila ofisi na salamu anayoipenda kila mlinzi, lakini mwulize lile kanisa jeupe la vigae vyekundu linaloitazama bandari lilijengwa lini. Atakujibu: "Pale? Si ndipo tunaposhukia?"

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kuna watu wanaowatembeza wenzao katikati ya jiji, kwa miguu na kwa malipo, nilicheka. Aliposema amekwishalipia nafasi mbili, nikapunguza kucheka. Nikaacha kabisa nilipojua kwamba nafasi ya pili si yake, ni ya mama yake, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa macho na kuambiwa na daktari asikae sana kwenye kochi. "Utamsindikiza," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Kwetu mkwe habishani na mama mkwe. Hamtangulii njiani, hamwachi nyuma, hamruhusu abebe kitu, na akikosea, hajakosea. Jaribu kuyatimiza hayo yote ukiwa unavuka Barabara ya Sokoine, bodaboda zikija kutoka pande ambazo hazipo kwenye ramani.

Tulitakiwa kukutana saa mbili kamili asubuhi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mama mkwe akiambiwa saa mbili husikia saa moja, kwa hiyo tulimkuta mlinzi wa getini bado anapiga mswaki. Mwongozaji alifika saa mbili na robo. Wengine walitiririka mpaka saa tatu, kila mmoja akiwa amecheleweshwa na foleni, hata yule aliyekuja kwa miguu kutoka Upanga. Makumbusho hayo ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959, na ambalo lina umri wa miaka milioni 1.75. Katika wote waliohusika na asubuhi ile, ni yeye tu aliyekuwepo kwa wakati.

Mwongozaji alikuwa kijana wa shati la kitenge, kofia ya ukili, na kispika kidogo kilichoning'inia kifuani. Naomba ieleweke kwamba alijua kazi yake. Aliijua miaka, aliyajua majina, aliwajua mafundi. Yaliyompata siku ile hayakutokana na upungufu wa elimu. Yalitokana na kuleta elimu hiyo Dar es Salaam. Huu ni mji usio na wasikilizaji. Ukisimama mahali na kuanza kusimulia jambo, anayepita atakuongezea, aliyekaa atakusahihisha, na anayeuza karanga atakwambia ulikotakiwa kuanzia. Watu husema hatuna watalii wa ndani. Tulichonacho kwa wingi ni waongozaji wa ndani.

Wa kwanza alikuwa kundini mwetu: mzee mstaafu wa bandari, aliyekuja amefunga tai. Kijana alipoanza kueleza kwamba makumbusho yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, mzee aliinua kidole taratibu. "Sawa, kijana. Lakini waeleze pia kuhusu sinema." Sinema gani, mzee? Mzee akazitaja: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Akaeleza filamu za Kihindi alizoziona, aliyekaa naye, na jinsi tiketi za ulanguzi zilivyouzwa nje. Makumbusho yaliishia hapo. Tulitoka getini tukiwa tunajua mambo mengi kuhusu Avalon na mstari mmoja kuhusu Mfalme George.

Bustani ya Mimea iko jirani tu. Ni bustani ndogo, watu wengi huipita wakidhani ni uwanja wa ofisi fulani. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, chini ya Stuhlmann, wakiitumia kujaribia mazao ya biashara, kuona lipi litaikubali nchi hii. Kijana alilieleza hilo vizuri kabisa, na pengine angemaliza kama mama mkwe asingekuwa mtu wa Muheza. Wilaya ya Muheza ndiyo yenye Amani, juu milimani Usambara, ambako Wajerumani haohao walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, msitu kwa msitu.

"Hii ndiyo bustani yenyewe?" akauliza mama mkwe, kwa upole wa mtu aliyeonyeshwa chumba kimoja akadhani ni ukumbi.

"Ndiyo, mama."

"Sawa, mwanangu. Ni nzuri. Mnaimwagilia?"

Kuanzia hapo bustani ilikuwa yake. Kijana alisoma majina ya Kilatini kwenye vibao; mama mkwe akaeleza mti upi unatuliza tumbo, upi haupandwi karibu na nyumba, na upi kuni zake zina moshi. Wanawake wote wa kundi wakahamia upande wake na kalamu. Mwanamke mmoja Mjerumani, anayezungumza Kiswahili sanifu kuliko sisi sote, aliandika kurasa tatu. Mwongozaji alibaki na mimi, na wachumba wawili waliokuja kupiga picha za kadi.

Akaona awarudishe watu kwa silaha yake kubwa, yaani mnazi wa Shelisheli. Mti huu ni nadra kuuona nje ya visiwa vyake, na bustani hii inao. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote za mimea duniani. Kundi likakusanyika kweli. Kijana akaanza kueleza umbo la nazi yake, na hapo akatazama mbele yake akaona mama mkwe, mama mmoja wa kundi letu anayefanya kazi benki, na mzee mwenye tai, akasita.

"Nazi yake, ikiiva, inafanana na... inafanana na kiungo fulani."

"Kiungo gani, mwanangu?" mama mkwe akauliza. "Iliki?"

"Hapana, mama. Kiungo cha mwili."

"Mkono?"

"Chini kidogo, mama."

"Goti?"

Mjerumani, ambaye alisoma Kiswahili kwenye vitabu na hakufundishwa haya, akamjibu kwa sauti ya darasani. Mzee wa bandari akakohoa kwa muda mrefu. Mama mkwe aliutazama ule mti kwa mara ya pili, akavuta kanga kichwani, akasema Mungu ni fundi, tuendelee.

Hatukuendelea mara moja, kwa sababu ya tausi. Maeneo yale yana tausi wanaotembea kwa raha zao, na mmoja wao alimwendea mtoto wa familia moja ya kundi letu iliyotoka Kimara, akamchomoa chapati mkononi bila haraka. Mtoto akalia. Baba yake akaokota fimbo. Watu wazima watano wakamshika mkono: "Acha! Hao ni wa Ikulu!" Hakuna aliyekuwa na hakika, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuthibitisha. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Rais Magufuli, mwaka 2020, aliwagawia marais wastaafu tausi wa Ikulu. Ndege anayefaa kupewa rais mstaafu si ndege wa kupigwa fimbo kwa ajili ya chapati. Tausi aliimaliza mbele yetu. Baba wa mtoto akaiweka fimbo chini na kuifunika kwa majani.

Karimjee tulipita harakaharaka: ukumbi wa mwaka 1955, ndipo Bunge lilipokuwa likikutana nchi ilipopata uhuru. Mzee wa bandari alisema aliwahi kuingia humo akiwa kijana, akatolewa. Hakusema kwa nini. Ikulu tuliipita kwa mbali, kimya, simu zote mfukoni, na mwongozaji akinong'ona kwamba meli za kivita za Kiingereza ziliipiga mizinga mwaka 1914 na jengo la sasa likainuliwa upya mwaka 1922. Hiyo ilikuwa sehemu pekee ya matembezi ambayo hakuna aliyemkatiza. Nadhani aliifurahia sana.

Sasa tukafika Feri.

Mpango ulikuwa tusimame kandokando, tuitazame bandari, tuone pantoni la Kigamboni linavyopakia watu na magari, tusikie habari za mlango mwembamba wa bahari unaoingiza meli, halafu tufuate barabara ya Kivukoni. Mpango huo aliutunga mtu ambaye hajawahi kupita soko la samaki na mwanamke wa Tanga. Upepo ulipogeuka na kutuletea harufu ya pweza wa kukaanga, mama mkwe alisimama.

"Baba," akaniambia, "dakika mbili tu."

Nilimtazama mwongozaji. Mwongozaji alinitazama. Mama mkwe alikuwa ameshaingia.

Mnada wa samaki wa Feri haumsubiri mtu. Dalali anamwaga samaki mezani, anataja bei, bei inapanda kabla hujajua unanunua nini, na aliyetikisa kichwa kumfukuza nzi anaweza kujikuta na tenga la dagaa. Mama mkwe alisimama pale na kanga zake mbili, akaacha mafungu matatu yapite bila kusema neno. La nne likaja: kolekole mmoja mnene na vibua juu yake. Akambinya samaki jicho kwa kidole, akamfunua shavu, akamnusa, akamwambia dalali kwamba huyu alilala jana. Dalali akaapa. Mama mkwe akaapa zaidi. Bei ikashuka, jambo ambalo katika mnada halitakiwi kutokea, na wanawake wawili wa kundi letu wakapiga makofi. Nikalipa.

Nilipogeuka nyuma kutafuta wenzangu, niliwaona wote. Mama wa benki alikuwa anachagua changu. Familia ya Kimara ilikuwa inakula pweza. Mzee wa bandari alikuwa amekutana na mtu aliyefanya naye kazi, na wote wawili wanalia. Mjerumani alikuwa anaandika jina la kila samaki. Mwongozaji alisimama peke yake nje kwenye jua, akiiambia bandari habari za bandari.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na ni jambo jema, mazingira yamepumua. Mfuko mbadala tuliopewa ni wa kitambaa chepesi, nadhifu, wenye mpini. Una kasoro moja tu: samaki ana maji. Kabla hatujafika mbali, maji ya kolekole yalikuwa yamepata njia, yakashuka kwenye suruali yangu ya kitambaa mguu wa kulia, yakaingia kwenye kiatu. Mkwe habadilishi mkono kila mara, ataonekana analalamika. Nilitembea Kivukoni yote nikiacha alama.

Karibu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lile jeupe la vigae vyekundu lililomalizwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozaji alitukalisha kivulini, akajaribu kuliokoa kundi lake kwa muziki. Alikuwa na rekodi ya tarumbeta za beni, ngoma iliyotikisa pwani nzima enzi za Vita Kuu ya Kwanza, watu wakiandamana na sare za kijeshi za kujishonea. Alitaka tusikie mji ulivyokuwa ukisikika. Lakini simu yake ilikuwa imeishiwa chaji kwa kutusubiri. Akauliza nani ana simu yenye chaji, aiunganishe na kispika.

Simu yenye chaji ilikuwa ya mama mkwe, kwa sababu hakuwa ameigusa tangu asubuhi. Msaidizi wa mwongozaji, ambaye simu yake nayo ilikuwa inakaribia kuzima, akamtumia ile rekodi kwa WhatsApp. "Bonyeza tu hapo juu, mama." Mama mkwe, ambaye kumbuka alikuja mjini kutibiwa macho, akabonyeza hapo juu.

Kispika ambacho asubuhi nzima kilikuwa kikikoroma kikatoa sauti safi ya mwanamke wa makamo, iliyofika mpaka kwa wavuvi:

"Haya shoga yangu, nimekusikia. Pole na miguu. Sasa huyo mkweo si ana gari? Kwa nini akutembeze juani? Au ndiyo ule ubahili uliokuwa ukinihadithia? Na ile hela ya kikoba, akikuomba, usithubutu kumwazima. Hairudi hiyo."

Kimya kikatanda Azania Front. Mwendokasi likapita. Vijana wawili waliokuwa wakiosha magari waliacha kuosha, wakanitazama suruali.

Mama mkwe aliirudisha simu kwenye mkoba bila haraka. "Anamsema mkwe wake," akasema.

"Bila shaka," akasema mzee wa bandari.

"Ndiyo, wake," akasema mama wa benki.

Kundi zima likaafiki kwa sauti moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu asubuhi. Tarumbeta za beni hatukuzisikia.

Tulipoingia Barabara ya Sokoine tulikuwa tunatembea polepole, macho chini, mbele mzee mwenye tai nyeusi, nyuma yake mwanamke mtu mzima aliyejifunga kanga mbili, na mimi pembeni na mfuko, uso wangu ukiwa katika hali unayoweza kuifikiria. Bajaji ikapunguza mwendo, dereva akavua kofia. Muuza soksi akatuuliza kwa sauti ya chini: "Msiba wa nani?" Mwongozaji akasema hakuna msiba, haya ni matembezi ya historia. Muuza soksi akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kazi ya Mungu haina makosa, akajiunga nasi. Mwanamama mmoja akatoka dukani akamkumbatia mama mkwe na kumtia mkononi noti ya shilingi 2,000. Mama mkwe akaitikia pole, akashukuru, akaifunga pembeni ya kanga. Nilipomwuliza baadaye akasema kurudisha mkono wa mtu ni kumvunjia heshima, na kwamba kila mtu ana msiba wake.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 na kukamilika 1902, niliambiwa lina vioo vizuri vya rangi. Mlinzi aliunusa mfuko wangu, akanionyesha mti. Nilikaa chini ya mti huo na samaki. Paka wa pale alikuja, akakaa upande wa pili. Tulitazamana mpaka kundi lilipotoka. Vibua walikuwa wamepungua mmoja, na sitaki kulizungumza.

Jengo la Old Boma liko mbele kidogo, karibu na boti za Zanzibar. Ndilo kongwe katika yote tuliyoyaona: Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga mwaka 1867 kwa ajili ya wageni wake, siku alizokuwa na ndoto ya kuuhamishia utawala wake huku, pembeni ya kijiji cha Mzizima. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na ukiegemea unapata baridi mgongoni hata saa sita mchana. Mlango una nakshi. Juu, dari imebebwa na boriti za mikoko.

Kijana alikuwa amechoka. Alieleza boriti kwa sentensi moja, akanyamaza, akisubiri atakayemsahihisha. Na mzee wa bandari kweli aliinua kidole.

Ila safari hii hakuzungumza sinema. Alisema boriti za namna ile zilikuwa zikitoka delta ya Rufiji kwa majahazi, na kwamba alipoanza kibarua akiwa mdogo alizibeba begani. Akaeleza zinavyofungwa mafungu na kuhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Akaeleza kwamba vyumba vingi vya zamani vya pwani ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti: mkoko ukiishia hapo, na ukuta uje hapo. Akanyanyua mkono kuonyesha bega lipi. Akasema mti ule una chumvi, ngozi inawasha wiki nzima, na mama yake alikuwa akimpaka mafuta ya nazi usiku. Muuza kahawa aliyekuwa amepita na birika lake la shaba akasimama, akamimina kikombe, akampa mzee bila kudai hela. Mwongozaji alizima kispika, akatoa daftari, akaanza kuandika.

Tulikaa pale muda mrefu kuliko ratiba. Kashata zikazunguka. Muuza soksi akauliza kama kuna sehemu nyingine tunakwenda, kwa sababu hii ilikuwa nzuri.

Ilibaki Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Maktaba. Mzee bado anauita mtaa huo Independence, na anasema alipokuwa mtoto aliusikia Acacia. Sanamu imesimama katikati ya mzunguko wa magari, na kuifikia inataka imani. Tulivuka kwa mafungu. Mama mkwe alivuka kwa kunyoosha kiganja tu, na magari yakasimama. Mimi nilimfuata karibu sana, nikijua mkono ule haunihusu.

Ni askari wa shaba nyeusi, bunduki mbele, ncha ya singe ikielekea bandarini. James Alexander Stevenson ndiye aliyemchonga, na alizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita ya Wazungu. Kabla yake, mji huu ulikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kijana alipofika hapo, sote tulimgeukia Mjerumani, kwa adabu lakini sote.

"Alipelekwa Hamburg," akasema mwanamke yule. "Mimi ni wa Hamburg. Walimsimamisha mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi walimwangusha mwaka 1968."

Hata yeye, basi. Mwongozaji alifunga daftari lake na kucheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Maandishi ya chini ya sanamu yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na pia za Kiarabu. Za Kiarabu kijana hakuweza kuzisoma. Mama mkwe, aliyesoma chuoni kwa mwalimu wake Muheza kabla hajaiona shule ya serikali, aliinama na macho yake mabovu, akafuata herufi kwa kidole, akasoma yote kwa sauti, mstari hadi mstari. Muuza soksi aliitikia "amina".

Ndipo alipotokea mgambo, kijana mdogo, kirungu mkononi. Aliwaona watu wengi waliozunguka sanamu, akaona soksi, akaona birika la kahawa, mwisho akauona mfuko wangu unaodondoka.

"Nani kawaruhusu kuuza samaki hapa?"

Mwongozaji akaanza kueleza utalii wa ndani. Mzee akaanza kueleza bandari. Mgambo akanyoosha mkono auchukue mfuko.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "sijasikia shikamoo."

Kijana akasita. Akatazama kirungu chake, akatazama zile kanga mbili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama yako yuko wapi?"

Mama yake yuko Korogwe. Korogwe na Muheza ni jirani. Baada ya hapo hakuna sheria ndogo ya jiji ambayo ingeweza kufanya kazi. Mtu akishaitikiwa marahaba na kuulizwa mama yake, hawezi tena kukunyang'anya kolekole. Alituvusha barabara yeye mwenyewe, akisimamisha magari kwa kirungu, na upande wa pili akatuonyesha jengo ambalo alisema mwongozaji amelisahau.

Kijana alituhesabu kabla ya kutuaga. Tulianza kumi na wanne, tukamaliza ishirini na mmoja, na waliolipa kati yao walikuwa tisa. Wengine wa asubuhi bado wako Feri. Mama mkwe alisema amefurahi, na kwamba wiki ijayo angependa kuona Bagamoyo, ila twende na gari.

Nawe msomaji, kama unaishi mji huu na hujawahi kuutembea bila kufuatilia kitu, nenda. Lipa, uvae viatu vya kufunika, ubebe maji, na kama kuna mstaafu yeyote unamfahamu, mchukue. Samaki nunua mwisho.